Uwanja wa Olmoti hautawashwa kwa nyayo za mashabiki

Kuna klipu ambayo kila baada ya miezi kadhaa hufufuka kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Arusha, na tangu uwanja mpya wa AFCON uanze kunyanyuka pale Olmoti, imekuwa haikauki. Inaonyesha vijana wakisakata kabumbu usiku kwenye kiwanja kidogo kilichobanwa na nyumba za mlimani. Pelé yupo, ameshazeeka, anatabasamu. Maandishi yanadai kwamba taa zote zinawaka kwa nguvu ya miguu ya wachezaji. Hapo maoni huanza kumiminika: uwanja wetu utabeba watu 30,000, kwa nini usiwekewe vigae vya namna hiyo kabla ya 2027? Mmoja ataandika kuwa hiyo ndiyo "teknolojia ya piezo". Mwingine atakumbusha kwamba Tengeru tunayo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, na kwamba Mirerani tunachimba fuwele ambazo dunia nzima haina. Wa tatu atafunga mjadala kwa kusema Waafrika tumelogwa.

Wote watatu wamekosea, ingawa makosa yao hayalingani uzito. Vitu vya piezoelektriki, yaani vile vinavyotoa chaji ya umeme vikibanwa, ni kati ya vitu vyenye manufaa makubwa mno ambavyo fizikia imewahi kutupatia, na wengi wetu huvitumia kabla hata ya chai ya asubuhi. Ila kazi yake ni kusikia. Hugeuza mguso, mtetemo, sauti na joto kuwa ishara ya umeme inayosomeka, na hugeuza ishara ya umeme kuwa mtetemo. Anayevitaka viwashe taa za uwanja ni kama mtu aliyemwona sonara ana mikono hodari, akamtwisha gunia la saruji. Na tukiendelea kuvidai visichoweza, siku vigae hivyo vikinunuliwa na kushindwa, watu watasema uwanda mzima wa utafiti huu ni utapeli, wakati tulichokosea ni swali.

Tuanze na klipu yenyewe. Kiwanja kile kipo Rio de Janeiro, mtaa wa Morro da Mineira, na kilizinduliwa mwaka 2014 kikiwa na vigae 200 vya kampuni ya Pavegen ya Uingereza, kwa ufadhili wa Shell. Waliosambaza klipu husahau mambo mawili. Kwanza, jirani na kiwanja kulifungwa paneli za sola, na umeme wa jua ulikuwa sehemu ya mfumo ule tangu siku ya kwanza. Pili, vigae vya Pavegen vinavyosambazwa sasa havina fuwele ya piezo inayofanya kazi hiyo. Ndani yake mna sumaku na koili, ndugu wa karibu wa ile dainamo ya baiskeli iliyokuwa ikisugua tairi la baba zetu. Kwa hiyo hata kama uwanja ule ungewaka kwa nyayo tupu, usingekuwa ushahidi wa kile tunachokijadili.

Historia ya piezo inaanzia Paris mwaka 1880, kwa ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie. Pierre ndiye yule ambaye baadaye alimwoa Marie na wakagundua radiamu pamoja. Ndugu hao walibana fuwele za aina mbalimbali na kupima chaji iliyojitokeza juu yake: kwatzi, tomalini, topazi, chumvi ya Rochelle, na sukari ya miwa. Naam, sukari. Zile chembe zinazong'aa ndani ya mfuko wa kilo moja kutoka kiwanda cha TPC kule Arusha Chini ni fuwele za piezoelektriki. Ukizibana, zinatoa chaji. Lakini hakuna aliyewahi kupendekeza duka la Mangi liwashwe taa kwa kukalia magunia ya sukari, kwa sababu kila mtu anahisi, hata bila kipimo, kwamba chaji hiyo ni ndogo kupita kiasi. TPC wenyewe wakitaka umeme huchoma mabaki ya miwa. Mwaka uliofuata, 1881, Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba mambo lazima yaende pia kinyume, kwamba fuwele ikipewa umeme itajikunja au kujinyoosha, na akina Curie wakathibitisha. Sehemu kubwa ya matumizi ya leo imejengwa juu ya njia hizo mbili, kwenda na kurudi.

Si kila fuwele ina tabia hii, na hapa ndipo hoja ya Mirerani inapoanguka. Ndani ya fuwele, chembe zenye chaji chanya na hasi zimepangwa kwa mpangilio unaojirudia. Ikiwa mpangilio huo una kitovu cha ulinganifu, kwamba kila chembe iliyo upande huu ina pacha wake upande wa pili kupitia katikati, basi ukibana, chaji husogea kwa usawa na kufutana, na nje hakionekani kitu. Kati ya makundi 32 ya ulinganifu wa fuwele, 20 tu ndiyo yanayoruhusu piezo. Tanzanaiti ni aina ya madini ya zoisaiti, na zoisaiti ina kitovu hicho. Kwa hiyo jiwe letu la fahari, linalopatikana kwenye kilomita chache za ardhi ya Simanjiro na kwingine popote hakuna, kwenye habari hii ni jiwe bubu. Tomalini ya kijani, ambayo madalali hapa mjini huiuza kwa bei ya chini zaidi, ndiyo yenye kipaji. Waholanzi walishajua tangu mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba tomalini ikipashwa moto huvuta majivu, nao wakaitumia kusafishia viko vyao. Soko la vito na maabara ya fizikia hawajawahi kukubaliana kuhusu thamani.

Tawi la pili, la feroelektriki, lilifunguka mwaka 1920 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, pale Joseph Valasek alipoonyesha kwamba ndani ya chumvi ya Rochelle chaji zina mwelekeo wa asili, na mwelekeo huo unaweza kugeuzwa kwa umeme wa nje ukabaki umegeuka. Chumvi hiyo ilikuwa na balaa lake: hunyonya unyevu ikayeyuka, na tabia yake ya feroelektriki huishi kati ya nyuzi 18 chini ya sifuri na nyuzi 24 juu yake. Kwa lugha ya kwetu, ingeamka vizuri asubuhi ya Julai hapa Arusha, na kufikia saa sita mchana wa Februari pale Moshi ingekuwa imepoteza fahamu. Ndiyo maana miaka ya 1940 watafiti wa Marekani, Urusi ya Kisovieti na Japani, wakiwa katikati ya vita, walipoipata bariamu titaneti, ambayo ni kauri ngumu inayovumilia hadi karibu nyuzi 120, mambo yakabadilika. Miaka ya 1950 ikaja PZT, kauri ya madini ya risasi, zirikoni na titani, ambayo bado ndiyo inayotawala hadi leo. Kwatzi ikibanwa kwa nguvu ya nyutoni moja hutoa chaji ya pikokulombi mbili na kitu. PZT hutoa mamia.

Kwa nini feroelektriki imesaidia piezo namna hiyo? Kauri hutengenezwa kwa kuchoma unga, kwa hiyo ndani yake mna chembe nyingi, kila moja imeelekea kwake, kama mashabiki kabla ya mechi: huyu anatafuta kiti, yule ananunua karanga, mwingine anaongea na simu akiwa amewapa wenzake mgongo. Ukiibana kauri hiyo ikiwa hivyo, mchango wa chembe moja unafutwa na wa nyingine. Sasa piga wimbo wa taifa. Wote wanageukia bendera. Umeme mkali unaopitishwa kwenye kauri ikiwa na joto ndio wimbo huo, na kwa kuwa kauri ni feroelektriki, wimbo ukiisha wengi hubaki wameelekea kule kule. Ndipo kipande kizima kinaanza kusikia kwa sauti moja. Kipashe joto kupita mpaka wake na mashabiki wanatawanyika tena. Una kigae cha kawaida mkononi.

Kauri hizi tunazo tayari. Jiko la gesi la plati mbili, lile ambalo ukizungusha kitasa linalia "tak!" mara moja, lina nyundo ndogo ya springi inayogonga kipande cha PZT. Kipigo hicho kimoja huzaa volti elfu kadhaa, na cheche inaruka. Serikali ikiwa imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, "tak!" hizo zitaongezeka nchini. Taa za usalama zinazowaka zenyewe mtu anapokaribia geti zina kihisio kinachosikia joto la mwili, kwa sababu kila kitu cha feroelektriki husikia pia mabadiliko ya joto. Mwaka 2010 watafiti walitundika kamera 225 kwenye miti na nguzo kule Serengeti, na kila simba au nyumbu aliyepita alijipiga picha mwenyewe kwa joto la mwili wake. Watafiti hao walitoka Minnesota, chuo kile kile cha Valasek. Gereji za Unga Limited nako, fundi akisema "nok sensa" ya gari lako imekufa, anazungumzia sikio la piezo lililofungwa kwenye bloku ya injini ili lisikie mlipuko usio wa kawaida. Kuna hata injini za dizeli ambazo noza zake hufunguliwa kwa rundo la kauri za piezo. Na simu uliyoshika, kama unaisomea makala hii humo, ina mamia ya kapasita (visehemu vinavyohifadhi chaji) za bariamu titaneti.

Rudi kwenye ile cheche ya jiko. Volti elfu kadhaa, na bado ukiigusa kwa bahati mbaya unaruka tu na kutukana, huendi mochwari. Sababu ni kwamba volti ni nyingi lakini chaji iliyo nyuma yake ni kiduchu. Klipu zote za vigae zinatuchezea hapo. Zinaonyesha volti, wala hazionyeshi nishati.

Hesabu ya nishati ni ya fizikia ya sekondari. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kigae kinachodidimia milimita 5, kazi aliyoifanya ni uzito wake mara umbali huo, yaani jouli 3.4 hivi. Hata mashine iwe kamilifu kiasi gani, haiwezi kutoa zaidi ya hapo kwa hatua moja. Uniti moja ya umeme, ile tunayonunua kwa tokeni, ni jouli 3,600,000. Maana yake unahitaji zaidi ya nyayo milioni moja kwa uniti moja. Sasa jaza uwanja wa Olmoti watu 30,000, kila mmoja akanyage vigae mara 500 tangu aingie hadi atoke, jambo ambalo lingedai kutandika vigae kila korido na kila ngazi. Jumla ni nyayo milioni 15 na uniti 14. Kwa bei anayolipa mteja wa kawaida, takribani shilingi 350 kwa uniti, umevuna kama shilingi 5,000. Uwanja umejaa pomoni, jiji zima limesimama, na mapato ya sakafu yanatosha chipsi mayai na soda. Taa za uwanja wa mashindano ya kimataifa hula mamia ya kilowati kwa wakati mmoja; uniti 14 zingewaka dakika chache zikaisha. Paneli sita za sola za wati 500, zilizoegeshwa kwenye paa, zinaweza kutoa kiasi hicho hicho katika siku moja ya jua zuri, mechi iwepo isiwepo.

Na hesabu hiyo nimeipendelea sakafu. Kauri ya piezo haididimii milimita 5. Ni ngumu, inajibana kwa kipimo kisichoonekana kwa macho, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya mguu hairidhii kuingia ndani yake. Kule chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2001, watafiti waliotia PZT kwenye kisigino cha kiatu kwa ustadi mkubwa waliripoti wastani wa miliwati 8.4 mvaaji akitembea. Chaja ya simu iliyo dhaifu kabisa ni wati 5. Ungehitaji viatu karibu 600, yaani watu 300 watembee bila kusimama, ili simu moja ichajiwe polepole.

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya hesabu hii ndiyo dhaifu kuliko zote: haba na haba hujaza kibaba. Methali haikosei, anayeitumia ndiye anayekosea. Kibaba kina ukubwa wake, na haba ina ukubwa wake, na kama kigae kitachakaa kabla hakijarudisha hata nishati iliyokichoma kiwandani, basi kila haba unayoongeza inazidisha deni. Tena wanaosema umeme huo ni wa bure hawajajiuliza unatoka wapi. Unatoka kwenye miguu ya shabiki. Sakafu inayodidimia ni kama kutembea kwenye mchanga. Jouli zinazoingia kwenye waya zimetolewa kwenye ugali aliokula mtu mchana. Ukitaka kugeuza ugali kuwa umeme, binadamu ni mtambo ghali.

Najua kinachowafanya watu wa kaskazini wavutiwe. Umeme ukikatika kila mtu huwa mhandisi. Lakini taifa lililojenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 halina njaa ya uzalishaji wa kukanyagia. Serikali ilipotangaza Machi 2025 mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa yetu, sababu iliyotolewa ilikuwa umbali: umeme unazalishwa kusini na mashariki, unapotea njiani ukija huku. Unaweza kuupinga mpango ule kwa sababu mbalimbali, na wapo waliofanya hivyo kwa kelele, lakini vigae havimo kwenye majibu yanayowezekana.

Upande wa wanaotetea uvunaji wa nishati una hoja moja ya kweli, nami naiheshimu. Kuna vihisio vidogo vinavyokula mikrowati: kipima mtetemo kwenye nguzo ya daraja, kipimajoto ndani ya tairi, kipimo kwenye beringi inayozunguka kiwandani mahali ambapo kubadilisha betri ni kusimamisha uzalishaji. Hapo fuwele inayojilisha kwa mtetemo wa mashine yenyewe ina akili, na utafiti wake unastahili fedha. Tazama lakini kinachotokea: umeme mdogo unavunwa ili kupata habari. Bidhaa ni habari. Kuhusu hoja kwamba kigae kimoja mlangoni kitawavuta watoto wapende sayansi, sina ugomvi nayo, mradi pembeni yake kiwekwe kibao chenye hesabu niliyoifanya hapo juu.

Kuna kambi nyingine, ya watu makini zaidi, inayosema mjadala wote huu ni anasa. Arusha ina tatizo la floraidi kwenye maji, meno ya watoto wa vijiji vya mlimani yanaonyesha, na wewe unazungumzia kauri za Wajapani. Hawa wanastahili jibu refu kidogo. Tengeru yenyewe imeshaonyesha kwamba sayansi ya vifaa huzaa inapoanza na shida ya jirani: Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa pale, alitwaa Tuzo ya Afrika ya Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, na kazi ile ilikuwa ya nanoteknolojia, jina ambalo nalo lilichekwa kuwa la anasa. Swali kwa piezo basi ni shida ipi ya jirani inayosubiri.

Mimi niliiona shida hiyo kliniki. Nilimsindikiza mdogo wangu, mimba ya miezi mitano, kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Kwenye kioo cha altrasaundi palikuwa na mistari miwili mipana myeusi iliyoshuka kutoka juu hadi chini, na mtoto akionekana vipande vipande katikati yake. Mhudumu alikuwa akilaza probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa tumboni, upande huu, akiiinamisha upande ule, apate kuunganisha picha kichwani mwake. "Ilianguka, dada," alimwambia mdogo wangu kwa upole. "Mpya imeagizwa."

Kinachoanguka pale ni safu ya vipande vyembamba vya PZT, mara nyingi 128, vilivyopangwa kama meno ya kitana. Kila kipande hupewa umeme, kikatetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde, kikapeleka sauti mwilini, halafu kikanyamaza na kusikiliza mwangwi. Mdomo na sikio ni kitu kimoja. Mzazi wa kifaa hiki ni Paul Langevin, mwanafunzi wa Pierre Curie, ambaye wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alibandika kwatzi katikati ya vyuma ili kusikiliza nyambizi chini ya bahari. Vipande vikipasuka au nyaya zake zikikatika, sehemu hiyo ya picha inakuwa giza. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mashine zinaongezeka vituoni, na hilo ni jema, lakini probu ndiyo sehemu inayoshikwa, inayoangushwa, inayosafishwa kwa dawa isiyofaa, na bei yake peke yake inaweza kuwa sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima.

Sasa weka pamoja tulivyonavyo. Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha mafundi wa umeme na vifaa tiba. Tengeru wana watafiti wa vifaa. Moshi kuna KCMC, hospitali ya rufaa tangu 1971, yenye mashine na wagonjwa na wataalamu wa picha. Umbali kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni safari ya Coaster ya saa mbili. Meza moja ya kupimia probu, inayopitia kipande kimoja kimoja na kuandika kipi kinasikia na kipi kimekufa, ingeiambia hospitali ya wilaya kama tatizo ni kauri au ni waya tu wa kuchomelea risasi. Haihitaji kiwanda. Inahitaji mafunzo, kifaa cha vipimo, na mtu anayelipwa kukitumia. Mafundi wa namna hiyo ndio wangefaa pia kwa kutafuta uvujaji kwenye mabomba, maana maji yanayovuja chini ya ardhi hupiga mluzi ambao sikio la piezo huusikia kupitia chuma, na jiji hili limetumia shilingi bilioni 520 kwenye mradi wa maji ambao kila lita inayopotea inauumiza.

Ama utafiti wa mbele zaidi, dunia inahangaika na jambo moja ambalo linatuhusu: risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa PZT ni risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Umoja wa Ulaya umebana risasi kwenye vifaa vya elektroniki tangu 2006, lakini kauri za piezo zimekuwa zikisamehewa kwa sababu mbadala unaolingana nazo kila mahali haujapatikana. Mwaka 2004 Yasuyoshi Saito na wenzake kutoka maabara za Toyota, Japani, walionyesha kauri ya potasiamu, sodiamu na niobi iliyokaribia PZT, na tangu hapo mbio zimepamba moto. Hapa mzalendo wa WhatsApp atarudi kwa kishindo: niobi ipo Panda Hill kule Mbeya, magadi yamejaa Natron! Ni kweli, na hainisaidii kitu. Kilo moja ya niobi iliyosafishwa kiwango cha maabara hununuliwa kwa barua pepe. Kinachoadimika ni tanuri linaloshika joto bila kuyumba, umeme usiokatika wakati kauri iko nyuzi 1,100, na mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka minne ya kushindwa mara mia. Kwa kazi hiyo Tengeru inaweza kuwa na nafasi, hasa kwenye swali ambalo maabara za Ulaya hazilisikii kwa karibu: vifaa hivi huishije kwenye vumbi, joto na umeme unaorukaruka? Wenzetu wengine wameshakimbilia kwingine kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliripoti feroelektriki kwenye utando mwembamba wa oksidi ya hafni, kitu ambacho viwanda vya chipu vilikuwa tayari vinakitumia kwa kazi nyingine, na sasa kinawindwa kwa ajili ya kumbukumbu za kompyuta. Hilo tuwaachie kwa sasa.

Na uwanja? Ningependa Olmoti wawe na piezo, tena nyingi. Majukwaa hutetemeka mashabiki wakiruka kwa pamoja, na vipima mtetemo chini ya zege vinaweza kumwambia mhandisi, mechi hadi mechi, kama muundo unajibu vilevile au umeanza kulegea. Waya mwembamba wa piezo chini ya sakafu ya geti unahesabu nyayo. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa pale Moshi, uwanja wa Majengo, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka uliofuata 45 walipoteza maisha kwenye msongamano Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, siku za kumuaga Rais Magufuli. Fuwele hizi zina udhaifu wake hapa pia: hazisikii mzigo uliotulia, maana chaji huvuja ikaisha, hivyo kwa umati uliokwisha kukwama utahitaji vipimo vya aina nyingine, na kamera, na polisi mwenye redio. Lakini kabla ya umati kukwama huwa kuna dakika kadhaa ambazo nyayo zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka, na hizo waya huo unazihesabu vizuri. Geti zima la vihisio vya namna hiyo linakula umeme mdogo kuliko balbu ya chooni. Paneli moja juu ya kibanda cha tiketi inautosha.